Dinari Mbili na Ahadi ya Kurudi: Miradi Midogo ya Misaada katika Mwambao Wetu





Juma hili tumeona vema kutafakari pamoja swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika jumuiya zetu ndogo ndogo: je, miradi midogo ya misaada huboresha kweli maisha ya watu? Tunasema juu ya kisima cha kitongoji kimoja, mashine ya kukamulia mawese ya kikundi kimoja, mfuko wa mikopo wa akina mama ishirini. Wapo wanaojibu upesi kwamba ndiyo, nao hutuonyesha picha za siku ya uzinduzi. Wapo wanaojibu upesi vilevile kwamba hapana, nao hutuonyesha pampu iliyoota kutu.

Sisi tunaoishi Kidahwe, mahali barabara itokayo Kigoma inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Kasulu na mwingine Uvinza, tumeyaona magari ya miradi mingi yakipita. Kwetu swali hili si la darasani. Mradi ukifa, anayeumia si yule aliyetoa fedha ughaibuni, bali ni mama wa kitongojini anayerudi kuchota maji bondeni, tena akiwa amekwisha kuchangia nguvu zake na senti zake. Kwa sababu hiyo hatuna budi kujibu kwa utulivu, tukiisoma kwanza historia ya mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ambao umepokea misaada ya kila namna kwa karibu miaka 150.

Ujiji na Karema

Mwezi Januari 1879 Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walifika Ujiji. Mji huo ulikuwa bado kituo kikubwa cha biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mojawapo ya kazi walizozifanya katika vituo vyao vya ziwani ilikuwa kuwakomboa watoto waliokuwa watumwa, kwa kulipa bei yao na kuwalea misioni. Kwa mtoto aliyekombolewa, msaada huo ulikuwa uhai wenyewe. Lakini mtu mwenye busara angeweza kuuliza: anayelipa fedha ili kumweka huru mtumwa mmoja, je, hampi mfanyabiashara sababu ya kwenda kuteka mwingine? Swali hilo ni zito, na halifuti wema wa tendo. Latufundisha tu kwamba nia njema haitoshi. Yatupasa kutazama pia msaada unafanya nini baada ya kutoka mkononi mwa mtoaji.

Miongoni mwa watoto waliokombolewa na shirika hilo, ingawa mbali sana na hapa, alikuwamo Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa angali mtoto, akakombolewa huko Algeria. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika, alikuwa na mpango wa kuwasomesha utabibu vijana wa Kiafrika waliokombolewa, nao walipelekwa katika kisiwa cha Malta. Atiman alihitimu, akasafiri, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwetu katika mwambao huu huu. Akaoa huko huko, mwanawe akawa padre, naye mwenyewe akatibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67. Wajerumani walikuja wakaondoka, Waingereza wakaja wakakaribia kuondoka, na tabibu katekista wa Karema alikuwa yupo.

Kwa vipimo vya siku hizi huo ungeitwa mradi mdogo sana: mtu mmoja, kituo kimoja, dawa chache. Hata hivyo mgonjwa aliyetibiwa Karema alijua jambo moja ambalo wagonjwa wa miradi mingi ya leo hawalijui, yaani kwamba homa ikirudi mwezi ujao, au mwaka ujao, atamkuta tabibu yule yule. Msaada ule ulitoka mbali, lakini aliyeuleta alihamia. Hapo twapata kipimo chetu cha kwanza: tusiulize msaada una ukubwa gani kabla hatujauliza utakaa muda gani, na nani atakaa nao.

Maji yaliyokuja na kukatika

Tuje sasa kwenye maji, maana hakuna mradi ulioletwa vijijini mara nyingi kuliko huo. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wenye lengo kwamba, ifikapo mwaka 1991, kila mwanakijiji apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu wa mkoa wetu kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vipya. Watu wengi walipokusanyika mahali pamoja, haja ya maji ikawa kubwa zaidi. Nchi wafadhili ziligawana mikoa, na Norway ikashika Kigoma na Rukwa, ikasaidia kuandaa mpango mkuu wa maji na kujenga miradi.

Lengo la mwaka 1991 halikufikiwa. Sababu haikuwa ujinga wa wahandisi. Maji yalitolewa bure, kwa nia njema ya kutombagua maskini, lakini mafuta ya injini, vipuri na mishahara ya mafundi vilitegemea bajeti ya Serikali na mifuko ya wafadhili. Uchumi wa nchi ulipoporomoka baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikiwa imepanda na fedha za kigeni zikiwa zimeadimika, injini zilisimama. Kijiji hakikuwa na mfuko wa kuitengeneza, wala hakikuhesabu kwamba injini ile ni mali yake. Ilikuwa mali ya Serikali, au ya Wanorway. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikageuza mwelekeo: wananchi wawe wamiliki wa miradi yao na wabebe gharama za kuiendesha.

Je, kugeuza sera kulitosha? Kati ya mwaka 2011 na 2013 Wizara ya Maji ilichora ramani ya vituo vya maji vijijini nchini kote. Katika orodha ya vituo 59,400 iliyotokana na kazi hiyo, ambayo watafiti wengi wameitumia, karibu vituo 38 katika kila 100 havikuwa vinafanya kazi, na vingine 7 vilitoa maji lakini vilihitaji matengenezo.

Tukae kidogo na hesabu hiyo. Kila kituo kilichokufa kilikuwa na siku yake ya sherehe. Palikuwa na ngoma, mgeni rasmi, risala na utepe uliokatwa. Palikuwa na kamati iliyochaguliwa chini ya mwembe. Mara nyingi kilichokosekana baadaye hakikuwa saruji wala bomba, bali mpira wa pampu, spana, fundi wa kuitwa, daftari la mapato, au mtunza fedha mwaminifu. Mara nyingi pia alikosekana mtu wa kurudi baada ya mwaka mmoja na kuuliza kwa upole: ndugu zangu, mmekusanya kiasi gani, na pampu inaendeleaje? Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda wakala wa maji vijijini, RUWASA, pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinavyosimamiwa na wakala huo. Kumbe hata sheria ya nchi imetambua kwamba kamati ya wanakijiji ikiachwa peke yake, bila ufundi na bila usimamizi, hulemewa.

Je, kidogo chaweza kupimwa?

Tusije tukadhani kwamba kila kitu kidogo hufa. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, watafiti walizifuatilia chemchemi karibu 200 za vijijini. Mmoja wao alikuwa Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili kwa kazi ya namna hii. Chemchemi hizo zilijengewa saruji kwa zamu, ili maji yatoke kwenye bomba badala ya kuchotwa katika dimbwi la wazi ambamo mvua huingiza uchafu. Zamu zilipangwa kwa bahati nasibu, na hivyo waliotangulia waliweza kulinganishwa kwa haki na waliokuwa bado wanangoja.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuwa haya. Vijidudu vya kinyesi katika maji ya chemchemi vilipungua kwa takriban theluthi mbili. Majumbani upungufu ulikuwa mdogo zaidi, karibu robo, kwa kuwa maji huchafuka tena njiani na ndani ya ndoo. Na ugonjwa wa kuhara kwa watoto wadogo ulipungua kwa robo hivi. Mzazi aliyekesha na mtoto mwenye kuhara anajua maana ya robo hiyo. Tena tuangalie ni mradi wa namna gani: saruji, mawe na bomba fupi, bila injini, bila mafuta, bila kipuri cha kuagizwa Dar es Salaam. Ukihitaji matengenezo, fundi mwashi wa kijijini aweza kuyafanya. Milima yetu ya Kigoma, yenye chemchemi nyingi, yafaa kujifunza kwa Busia.

Mikopo midogo nayo imepimwa. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti kutoka nchi sita, Ethiopia ikiwa mojawapo. Zilionyesha kwamba mikopo hiyo huwapa watu uhuru zaidi wa kuchagua kazi na kupanga matumizi yao, lakini kwa wastani haikuongeza sana kipato cha familia zilizokopeshwa. Hilo ni tamko la kiasi, nasi twalipokea hivyo. Anayemwahidi mama wa gengeni kwamba mkopo mmoja utamtoa katika umaskini anamdanganya. Anayemwambia kwamba utamsaidia kupitisha msimu mgumu anasema ukweli.

Gombe na vijiji vyake

Mfano wa tatu ni wa jirani kabisa. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Miaka 30 hivi baadaye aliruka kwa ndege ndogo juu ya hifadhi, akaona msitu ule umebaki kama kisiwa, ukizungukwa na vilima vilivyo vitupu. Watu walikuwa wamekata miti si kwa ubaya, bali kwa sababu walihitaji shamba, kuni na chakula. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi ulioitwa TACARE katika vijiji 12 vya kandokando ya Gombe, kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Baadaye vikawa vijiji 24, kisha vingi zaidi.

Mwanzoni wazo kubwa lilikuwa kupanda miti. Lakini Watanzania waliotumwa kukaa na kusikiliza vijijini walirudi na jibu jingine. Wanakijiji walisema kwamba shida zao za kwanza ni afya, maji safi na shule za watoto. Hapo ndipo mradi ulipofanya jambo ambalo miradi mingi hushindwa kulifanya: ulibadilika. Ukaingia katika afya na maji, katika mafunzo ya kilimo, katika michikichi iliyoboreshwa inayozaa mawese mengi zaidi, katika majiko yanayotumia kuni kidogo, katika ufadhili wa masomo ya wasichana, na katika mikopo midogo kwa akina mama kwa mfano wa Benki ya Grameen ya Bangladesh. Kalinzi, ambako kahawa hustawi milimani, wakulima walisaidiwa kuboresha ubora na kupata soko, hata katika miaka ya 2000 kampuni ya Green Mountain ya Marekani ikainunua kahawa ya huko. Vijiji vikatenga misitu yao wenyewe, na mahali pengi haikuhitajika hata kupanda. Visiki vilivyoachwa bila kukatwa tena vilichipua, vikawa miti.

Jane Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91. Mradi ulioanza mwaka 1994 ulikuwa bado unaendelea, kwa zaidi ya miaka 30, ukiwa na wafanyakazi ambao wengi wao ni Watanzania. Twaona tena sura ya Karema: kazi iliyokaa.

Lakini mwaka huo huo wa 2025 ulituletea mtihani mwingine. Serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi katika Afrika ilipoteza fedha kwa muda mfupi, ukiwamo ule ambao Taasisi ya Jane Goodall ilikuwa ikiuendesha magharibi mwa Tanzania kwa fedha za shirika hilo. Hakuna mwanakijiji aliyeulizwa. Siku kama hiyo inapofika, huonekana waziwazi kipi kilikuwa cha watu na kipi kilikuwa cha mgeni. Gari hurudishwa, ofisi hufungwa, semina hukoma. Mchikichi uliokwisha kupandwa huendelea kuzaa. Binti aliyesomeshwa hanyang'anywi elimu yake. Chemchemi iliyojengewa huendelea kutiririka. Na sanduku la vikoba, lenye funguo zake mikononi mwa wanachama na fedha walizoweka wenyewe juma kwa juma, halimjui hata mfadhili aliyeondoka.

Mipaka ya kidogo

Haki yatudai tuseme pia kile ambacho miradi midogo haiwezi. Barabara ya lami itokayo hapa Kidahwe kwenda Kasulu haikujengwa na kikundi cha vikoba. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikujengwa kwa mchango wa harusi. Mkulima akikamua mawese mengi na asipate barabara, umeme wala bei ya haki, mashine ya kikundi imemwongezea jasho tu. Yapo mambo ambayo ni wajibu wa Serikali, na si halali kuyafunika kwa sadaka.

Lakini ukubwa nao si kinga. Jirani zetu wa Urambo, mkoani Tabora, waliuona mpango wa karanga wa Waingereza, ulioendeshwa pia Kongwa na Nachingwea baada ya Vita Kuu ya Pili. Uligharimu takriban pauni milioni 36, ukaachwa mwaka 1951. Matrekta yalikuwapo, mamilioni yalikuwapo, wataalamu walikuwapo. Hakuna aliyekuwa ameisikiliza ardhi, mvua, wala wenyeji wanaozijua. Kosa lililoua pampu ya kitongoji na kosa lililoua mamilioni ya pauni ni ndugu wa tumbo moja.

Msamaria alitoa kiasi gani?

Wapendwa, katika Injili ya Luka tunamkuta Msamaria mwema. Mara nyingi tunakumbuka mafuta na divai, tukasahau sehemu ya mwisho. Alimfikisha majeruhi katika nyumba ya wageni, akakesha naye, na kesho yake akampa mwenye nyumba dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Msaada ule, basi, ulikuwa ujira wa siku mbili, mradi mdogo kuliko yote tuliyoitaja leo. Lakini ulikuwa na mambo matatu. Ulitoka kwa mtu aliyekuwa amesimama na kuona jeraha mwenyewe. Uliwekwa mikononi mwa mwenyeji wa mahali pale, ambaye angebaki na mgonjwa. Na uliambatana na ahadi ya kurudi na kulipa kilichopungua.

Hilo ndilo jibu tunalolipata katika historia ya mwambao wetu. Miradi midogo huboresha maisha pale inapokuwa na mambo hayo matatu, tena huboresha kwa kiasi: robo ya magonjwa ya watoto, msimu mmoja mgumu uliovukwa, binti mmoja aliyemaliza shule. Si kidogo hicho. Ikikosa mambo hayo, huacha kutu, na huacha jambo baya kuliko kutu, yaani watu waliochoka kuamini.

Kwa hiyo, jumuiya au kigango chochote chetu kitakapoletewa mradi, tunaomba kabla ya kupiga makofi yaulizwe maswali manne, na majibu yaandikwe katika daftari. Nani aliuomba: sisi, au waliouleta? Kikiharibika kitu, fundi anaishi wapi na kipuri kinauzwa wapi? Fedha ya matengenezo inatoka mfuko gani, na nani wawili, mbali na mwenyekiti, wanaukagua? Na ni nani, kwa jina lake, atakayerudi baada ya mwaka mmoja kutazama? Swali moja likikosa jibu, si dhambi kumwambia mfadhili kwa heshima angoje. Mgeni mwema atangoja. Tena huenda akafurahi kukuta wenyeji wanaojua wanachokitaka.

Na swali la nne si la wageni peke yao. Sisi nasi tumetoa misaada: magodoro kwa wagonjwa, mabati kwa mjane, ada kwa yatima. Tumerudi mara ngapi kutazama? Jumuiya zitakapokutana juma hili, kila moja imtaje mtu mmoja iliyemsaidia mwaka jana, kisha wawili watumwe kwenda kumjulia hali. Wasiende na picha wala risala. Waende kama Msamaria aliyeahidi kurudi.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu